Lango la Sina

Ruwi, mwezi wa saba, saa tisa mchana,
lami inanata kwenye kandambili.
Natoka dukani kwa Kunjumon, nyuma ya maduka ya simu,
na transista mia moja ndani ya mfuko wa khaki
kama mtu aliyetumwa karafuu za pilau.
"Mzee, za nini zote hizi?"
Za kujibu ndiyo na hapana, nikamwambia.
Akanipunguzia baisa mia mbili. Kwa huruma, nadhani.

Nyumbani Mabela nimepewa chumba cha mwisho,
cha pasi mbovu na mazulia ya wageni.
Mjukuu wangu Muhanna anasoma chuo,
ananinyanyulia simu yake usoni:
"Babu, humu zimo bilioni.
Na we unahangaika na mbili!"
Bilioni sizioni, mwanangu.
Hizi mbili nazijua.

Transista ina miguu mitatu, mafiga kamili,
ila figa la katikati ndilo lenye siri:
linong'oneze kidogo tu,
yale ya kando yataachia mkondo upite.
Usiponong'ona, pamefungwa.
Basi. Ndio elimu yote. Yanayobaki ni kulehemu
na kuungua vidole.

Jioni ya kwanza taa iliwaka nusu,
kama mtu anayesema inshallah na hana nia ya kuja.
Saa nzima nikitafuta kosa:
pindo la rezista, nililoliona jekundu,
lilikuwa rangi ya chungwa.
Macho, si umeme.

Jioni ya pili nilisahau mguu mmoja hewani.
Mguu usiofungwa popote haujui kunyamaza,
unasikia friji, unasikia kipoza hewa cha jirani,
unasikia mkono wangu ukipita juu yake,
na taa inatetemeka kwa umbea wote huo.

Ya tatu nikazipandisha, moja begani kwa mwenzake,
vibonyezo viwili, taa moja.
Sijabonyeza: inawaka. Kimoja: inawaka.
Vyote viwili: giza.
Lango linalokataa pale tu wote wawili wanapokubali.
Vitabu vina jina lake la kigeni.
Mimi nililiandikia kwa kalamu ya wino, juu ya plasta:
SI, halafu NA.
Nikasoma nilichoandika.

Sina.

Mwaka wa sabini na tatu, kwenye dirisha moja Matrah,
karani aliniuliza kwa Kiarabu nilichokisikia nusu.
Cheti? Sina.
Anwani? Sina.
Mtu wa kukudhamini? Nikatazama nyuma,
palikuwa na foleni tu.
Neno lenyewe hakulielewa, lakini uso wangu aliuelewa,
akafunga daftari, akaenda kunywa chai.

Sasa lipo mezani, lina miguu sita,
na tazama linavyofanya kazi.
Liunganishe masikio yote mawili: SI.
Likane: NA. (Asiyekuwa hana, anacho.)
Mkanushe kila anayeingia kabla hajaingia: AU.
Hakuna lango usiloweza kulijenga kwa sina,
ukiwa nazo za kutosha
na ukiwa na subira ya waya.

Wiki iliyopita niliziweka mbili zitazamane,
jibu la hii likawa swali la ile,
la ile likarudi kwa hii.
Nikagusa kibonyezo, nikaondoa kidole.
Taa haikuzimika.
Nikaenda kuswali, nikarudi, bado inakumbuka
kwamba niliigusa.
Sikumwita mtu. Nilikaa nayo.

Juzi Zuwena akawasha oveni,
vipoza hewa vitatu vikinguruma, swichi kubwa ikaanguka.
Nyumba kimya, jasho likatuanza shingoni.
Umeme uliporudi
taa iliwaka, lakini upande ule mwingine,
kama haijawahi kunijua.

Muhanna akainama mezani. Safari hii hakucheka.
"Babu, inachaguaje pa kuamkia?"
Jibu sina, nikasema,
kisha nikacheka peke yangu,
maana kwa hesabu ya leo
ninazo nane.